Giza la Siku Mbili

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya nuru ni moja tu, nayo ni kumwezesha mwenye macho aone. Lakini wako viumbe wadogo ambao bado wamefungwa ndani ya maganda ya mayai, wala hawajapata kuuona ulimwengu, na hata hivyo nuru huwapa amri nao huitii. Habari hii ni ya viwavi wa hariri, na ya karani mmoja wa serikali aliyejifunza jambo hilo kwa hasara, tena hasara isiyokuwa yake peke yake.

Karani huyo alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne. Alikuwa amesoma shule ya sekondari ya misheni, na kazi yake katika ofisi ya wilaya ilikuwa kuandika barua na kutunza majalada. Katika kazi hiyo hakuwa na mshindani. Barua iliyopita mikononi mwake haikukosa tarehe wala nukta. Nyumbani kwao, katika vilima vya kahawa kaskazini ya Nairobi, alikuwako mama yake, mjane, pamoja na dada yake wa mwisho aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Karani alikuwa na mke na watoto wanne, na mshahara wake, kama ilivyo mishahara ya makarani wengi, ulikuwa umekwisha kugawanywa kabla haujafika mkononi. Kwa hiyo ada ya yule binti ilitoka shambani kwa mama.

Kahawa ya mama ilikuwa imezeeka, na malipo yake yalikuwa haba. Ndipo karani alipokuja na shauri la hariri. Nchini Kenya kazi hii si ngeni kabisa, kwa maana utafiti wake umekuwa na makao Thika tangu miaka ya 1970, na wataalamu wa Kijapani walisaidia kuuanzisha. Karani alimweleza mama yake ya kuwa kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi tu, na ya kuwa tangu siku anapotoka katika yai hata siku anapoanza kujifungia ndani ya kifukofuko, yaani nyumba yake ya nyuzi, hupita siku kama 25 hadi 28. Ni mazao machache ya shamba yanayokomaa upesi namna hiyo. Uzi wa kifukofuko kimoja, ukifumuliwa, waweza kufika urefu wa mita elfu moja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Na wakifa?"

"Hawatakufa, Mama. Yote yameandikwa katika karatasi ya maagizo."

Basi mama akakubali kung'oa nusu eka ya kahawa aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe, na mahali pake ikapandwa miforosadi. Baada ya mwaka mmoja na zaidi majani yakawa tele. Mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa, karani akachukua likizo ya siku kumi na nne, akaja nyumbani na sanduku dogo la mayai.

Majirani waliofika kutazama hawakuamini. Walikuwa wametazamia kitu kikubwa, kumbe mayai yenyewe yalikuwa kama mbegu za mtama zilizopunguzwa, kila moja likiwa na upana wa milimeta moja tu. Katika sanduku lile mlikuwamo mayai kama 20,000, na uzito wake wote haukuzidi kiasi cha kujaza kijiko. Mzee mmoja akacheka, akasema ya kuwa nusu eka ya kahawa imebadilishwa kwa ugoro. Mama hakucheka.

Karatasi ya maagizo ilikuwa ya Kiingereza, nayo karani aliisoma mara mbili. Ilisema ya kuwa mayai yawekwe katika joto la digrii 25 hivi za sentigredi, na hewa isiwe kavu. Ilisema ya kuwa baada ya siku nane au tisa itaonekana nukta nyeusi ndani ya kila yai, nayo ni kichwa cha kiwavi. Na hapo ikaongeza mstari mmoja mfupi: nukta ikionekana, mayai yafunikwe kwa karatasi au kitambaa cheusi, yakae gizani siku mbili, kisha yafunuliwe alfajiri.

Karani aliusoma mstari huo, akaupita. Alifikiri ya kuwa ni shauri la ziada, kama yale maneno ya adabu yanayoandikwa mwishoni mwa barua, ambayo yakiachwa barua hufika vile vile. Sanduku aliliweka juu ya meza yake katika chumba alimokuwa akiandika usiku kwa taa ya mafuta. Aliona ya kuwa hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote, kwa maana angeweza kuyatazama saa yo yote.

Usiku wa tisa aliona zile nukta. Furaha yake ilikuwa kubwa hata akamwamsha mama na dada yake waje watazame. Tangu saa ile hakutaka tena kuizima taa. Dada yake, ambaye alikuwa ameyasoma yale maagizo mezani, akamkumbusha kwa upole habari ya kitambaa cheusi. Karani akajibu, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tukiyafunika, tutajuaje yanapoanguliwa?" Binti akanyamaza, kwa kuwa aliyesema ni kaka yake mkubwa. Lakini alichukua daftari lake la hesabu, akaanza kuandika kila aliloliona.

Siku ya kumi asubuhi walitoka viwavi wachache, labda mia tatu, weusi, wenye manyoya, wadogo kama sisimizi. Wachina na Wajapani, ambao wamefuga wadudu hawa tangu zamani sana, huwaita viwavi wa siku ya kwanza kwa jina lenye maana ya chungu, na aliyewaona haulizi kwa nini. Karani alishangilia. Siku ya kumi na moja walitoka maelfu. Siku ya kumi na mbili walitoka maelfu wengine, na siku ya kumi na tatu bado wengine walikuwa wakitoka. Siku ya kumi na nne likizo yake ikaisha, akarudi kazini akiamini ya kuwa kazi imekwenda vema. Je, si mayai karibu yote yalikuwa yameanguliwa?

Lakini asiyejua kazi hii hawezi kutambua hatari iliyokuwa imekwisha kuingia nyumbani. Kiwavi wa hariri hujiambua ngozi mara nne katika maisha yake. Kila mara kabla ya kujiambua huacha kula, huinua kichwa, akatulia kama aliye katika maombi, kwa muda wa siku nzima au zaidi. Wakati huo hatakiwi kusumbuliwa wala kufunikwa na majani mabichi. Ikiwa viwavi wote wametoka siku moja, wote hulala pamoja na kuamka pamoja, na mfugaji hujua wazi siku ya kulisha na siku ya kuacha. Ikiwa wametoka kwa siku nne, basi kila siku wako wanaolala na wako wenye njaa. Ukilisha, unawazika waliolala. Usipolisha, unawaua wenye njaa.

Mama na binti yake walijaribu kuwatenga, lakini nani awezaye kuwatenga viumbe 20,000 kwa mkono? Majani yaliyorundikana yakaota ukungu. Wakubwa waliwapanda wadogo, na wadogo wakafia chini. Wiki ya tatu ulianza ugonjwa, viwavi wakawa laini na kunuka. Siku ya 25 wa kwanza wakaanza kusuka nyuzi juu ya vitawi vikavu, na huku wa mwisho wakiwa bado wanakula na kuchafua chini yao. Vifukofuko vingi vilitoka na madoa. Sanduku kama lile, likitunzwa vizuri, laweza kutoa zaidi ya kilo 25. Mama alipima kilo tisa, na katika hizo tisa mnunuzi alikataa mbili.

Muhula ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Binti alikuwa nyumbani bila ada, akikata majani ya mforosadi wakati wenzake wakiwa darasani. Mama akauza mbuzi wawili, akakopa kwa jirani zilizosalia, na binti akarudi shuleni akiwa amechelewa wiki tatu. Karani alipopata habari hiyo kwa simu hakuweza kula chakula cha mchana. Hakuna mtu aliyemlaumu, na jambo hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Mama alisema tu, "Karatasi yako ilisemaje habari ya lile giza?"

Jumamosi iliyofuata karani alikwenda nyumbani, na mama akamwita Bwana Shamba wa sehemu ile, mtu mzima aliyekuwa amejifunza kazi hii. Alipofika, karani alianza kueleza habari ya joto, na ya mvua, na ya ubora wa mayai. Bwana Shamba alimsikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama kuna mtu aliyeandika siku za kuanguliwa. Mama akaleta lile daftari la hesabu, ambalo binti alikuwa amemwachia.

Katika daftari binti alikuwa ameandika kwa siku nne, asubuhi, adhuhuri na jioni, kiasi cha viwavi waliotoka. Bwana Shamba akaweka kidole juu ya ukurasa. Kila siku wengi walikuwa wametoka asubuhi. Adhuhuri walikuwa wachache, na jioni karibu hakuna. Akasema, "Huyu mtoto ameona kwa macho yake jambo ambalo wengi husomeshwa. Kiwavi wa hariri hupenda kutoka katika yai wakati wa mapambazuko. Akikosa mapambazuko ya leo, kwa kawaida hungoja ya kesho."

Mama akauliza, "Kumbe yai lina macho?"

"Ganda lake ni jembamba, Mama, na nuru hupenya. Mtoto aliye ndani hana haja ya kuona umbo la kitu. Yatosha atambue ya kuwa nuru ipo au haipo."

Ndipo alipoeleza maana ya ule mstari mfupi. Mayai yaliyotagwa siku moja hayakui sawasawa kabisa. Yako yanayotangulia na yako yanayochelewa. Yakiachwa katika nuru ya kila siku, kila yaliyo tayari huanguliwa asubuhi yake, na kazi huenea kwa siku tatu au nne. Lakini yakiwekwa gizani tangu nukta ionekanapo, wale waliotangulia hawapati ile amri ya mapambazuko. Wengi wao hungoja ndani ya maganda, na katika kungoja kwao wale waliochelewa huwafikia. Baada ya siku mbili mayai yote huwa yamegeuka rangi ya samawati, dalili ya kuwa kila kiwavi amekamilika. Yakifunuliwa alfajiri ya siku hiyo, nuru huwafikia wote kwa pamoja, na kwa muda wa saa chache karibu wote hutoka.

"Taa yako," Bwana Shamba akamwambia karani, "iliwaita wachache waje mbele, ikawaacha wenzao nyuma."

Karani hakujibu neno.

Mambo haya hayakugunduliwa kwa siku moja, wala si yote yaliyoonekana kwa macho ya wafugaji peke yao. Wafugaji wa Asia wanajua kwa muda mrefu ya kuwa mayai yaweza kuzuiwa na kuharakishwa. Katika mkoa wa Gunma, nchini Japani, kuna mahali paitwapo Arafune ambapo upepo wa baridi hutoka katikati ya mawe ya mlima. Mwaka 1905 ilianza kujengwa ghala hapo, na mayai ya hariri yakahifadhiwa katika baridi hiyo ili wakulima wayaangue kwa zamu, si mara moja tu kwa mwaka. Ghala hiyo, pamoja na kiwanda cha hariri cha Tomioka kilichofunguliwa mwaka 1872, viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014.

Lakini jambo la ajabu zaidi lilionyeshwa na mtaalamu wa Kijapani aitwaye Kogure, aliyechapisha kazi yake mwaka 1933. Ziko aina za viwavi wa hariri wenye vizazi viwili kwa mwaka. Kizazi kimoja hutaga mayai yanayoanguliwa baada ya siku chache, na kizazi cha pili hutaga mayai yanayolala usingizi mpaka majira ya baridi yapite. Kogure aliyaweka mayai ya aina hiyo katika joto la digrii 25 na mwangaza, na mengine katika digrii 15 na giza. Viwavi walitoka, wakala, wakasuka, wakawa nondo. Majike waliotoka katika mayai ya joto na nuru walitaga mayai yanayolala. Majike waliotoka katika mayai ya baridi na giza walitaga mayai yasiyolala.

Msomaji na alifikiri jambo hili polepole. Nondo jike hutaga mayai yake akiwa mtu mzima, wiki nyingi baada ya yeye mwenyewe kuanguliwa. Hata hivyo amri ya usingizi wa watoto wake hutokana na joto na nuru aliyoipata yeye alipokuwa bado ndani ya yai. Katika nchi za majira manne, siku ndefu na joto ni dalili ya kuwa kiangazi kimefika na baridi itafuata nyuma yake, na watoto wa nondo huyo watahitaji kulala. Mwaka 1951 wataalamu wawili, Fukuda na Hasegawa, kila mmoja katika utafiti wake, walionyesha namna amri hiyo inavyopelekwa: fundo dogo la neva lililo chini ya koo la jike hutoa homoni wakati angali ndani ya kifukofuko, na homoni hiyo huyafikia mayai tumboni mwake na kuyalaza.

Mayai yaliyolazwa hivyo hayaamshwi kwa nuru wala kwa joto. Huamshwa na baridi ya muda mrefu, kama ile ya majira ya theluji. Katika vilima vya Kenya hakuna theluji ya miezi miwili mitatu, na mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo mayai ya namna hiyo huamshwa kwa kazi ya binadamu, ama kwa kuhifadhiwa katika jokofu, ama kwa kuchovywa muda mfupi katika asidi ya haidrokloriki na kuoshwa kabla usingizi haujakaza. Sanduku analolipokea mkulima huwa limekwisha kupitia kazi hiyo. Kilichobaki kwake ni sehemu ya mwisho: joto la kiasi, hewa yenye unyevu, na giza la siku mbili.

Wala isidhaniwe ya kuwa wadudu wote hushika sheria moja. Nzige wa jangwani, ambao waliivamia Kenya kwa wingi tangu mwisho wa mwaka 2019, hufukia mayai yao ndani ya mchanga wenye unyevu. Mayai ya mbu wa Aedes hukaa makavu muda mrefu, yakingoja kufikiwa na maji. Kila mdudu ana mlango wake na ufunguo wake, na mkulima hana budi kuujua ufunguo wa yule anayemfuga.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa tena, mama alinunua sanduku la pili. Safari hii hakumwachia karani. Sanduku liliwekwa katika chumba cha mama mwenyewe, mbali na moshi wa jiko, na kitambaa kilicholowa maji kiliwekwa karibu ili hewa isikauke. Kila jioni binti aliyatazama mayai kwa muda mfupi, akaandika. Siku ya tisa, kabla jua halijachwa, aliona nukta nyeusi. Mama akafungua kasha lake, akatoa koti jeusi la marehemu mumewe, ambalo halikuwa limeguswa tangu mazishi. Akalizungushia sanduku mara mbili, akalirudisha ndani ya kasha, akaacha kifuniko wazi kidogo ili hewa ipite, na juu yake akatandika blanketi.

Karani alifika siku iliyofuata, siku ya Ijumaa usiku, kwa kuwa aliomba ruhusa ya siku moja. Alikuta nyumba imetulia. Akauliza kama mayai yako salama, na mama akamwambia yako salama. Akauliza kama hata moja halijaanguliwa, na mama akasema hajui. Karani akatoa tochi mfukoni.

"Nitatazama dakika moja tu, Mama. Nitainua pembe ya koti."

Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, mkono wake juu ya kasha. "Ukimmulika mmoja umewamulika wote," akasema. "Weka tochi yako. Leo utachelewa, mwanangu, na mwana atakuwa wako."

Usiku ule karani hakupata usingizi. Alijinyosha juu ya kiti, akasikia mvua ndogo ikija na kupita juu ya mabati. Alifikiri habari ya ada, na habari ya jirani ambaye deni lake lilikuwa bado halijalipwa lote. Alifikiri ya kuwa katika kazi yake ya ofisini hakuna jambo linalofanyika bila kuonekana, kwa maana kila barua ina namba na kila namba ina jalada. Hapa kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ikifanyika ndani ya koti la mtu aliyekufa, mahali asipoweza kutia sahihi wala muhuri. Hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Jumamosi ilipita, na usiku wa pili ukapita. Jumapili, saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, mama alimwamsha binti. Walilitoa sanduku, wakaliweka karibu na dirisha la mashariki, wakaondoa koti. Nje kulikuwa bado na kijivu. Mayai yalionekana kama vumbi la samawati juu ya karatasi, wala hapakuwa na kiwavi ila wachache sana. Karani akainama juu ya sanduku, uso wake ukabadilika, kwa kuwa alidhani ya kuwa yamekufa. Mama akamvuta mkono taratibu akamkalisha.

Kabla ya saa moja karatasi ilianza kujongea. Palipokuwa na samawati pakawa na weusi, na weusi ule ulikuwa hai, ukitambaa pande zote kutafuta majani. Saa mbili ilipofika, maganda meupe matupu yalifunika karatasi yote, na mayai yaliyosalia hayakuwa mengi hata ya kuhesabika kuwa hasara. Binti akakata majani machanga ya mforosadi vipande vyembamba kama tumbaku, akawanyunyizia. Mama akachukua unyoya wa kuku, akawapangusa polepole kutoka katika karatasi hadi katika ungo, akiwa ameziba pumzi asije akawapeperusha.

Binti aliandika katika daftari tarehe moja tu. Hapakuwa na haja ya ya pili.

Siku nne baadaye viwavi wote walilala pamoja, na nyumba nzima ilipumzika siku ile. Waliamka pamoja, wakalishwa pamoja. Katika wiki ya mwisho, ambapo kiwavi hula kuliko siku zote zilizotangulia, mlio wa kula kwao ulisikika chumbani kama manyunyu ya mvua juu ya majani ya migomba. Walisuka kwa muda wa siku mbili hivi, na vifukofuko vikatoka vyeupe. Mama alipima kilo 24. Deni la jirani likalipwa, na ada ya muhula wa tatu ikalipwa pia, ingawa binti alikuwa amekwisha kutangulia shuleni kwa ahadi ya mama yake. Mbuzi wawili hawakurudi. Hasara ya Aprili ilibaki hasara.

Karani alirudi ofisini kwake na kazi moja aliyojipa mwenyewe. Majirani saba, pamoja na yule mzee aliyesema habari ya ugoro, walikuwa wamekwisha kuuliza namna ya kupata miche ya miforosadi. Karani akaichukua ile karatasi ya maagizo, akaiandika upya kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Alipomaliza, aliipeleka nyumbani akamsomea mama yake. Mama alimsimamisha katika mstari wa sita, akamwambia auondoe huo ulipo na auweke mwanzoni kabisa.

Karani akafanya hivyo. Nakala saba zilizogawanywa kwa majirani zilianza kwa maneno haya: "Ukiona nukta nyeusi ndani ya yai, funika kwa kitambaa cheusi, ungoje siku mbili. Usimulike."